Mkono Unaozama Kiunoni

Ndugu zangu, waliokwisha kunisikia wanajua ninakoanzia, nao wavumilie tena. Naanzia kwenye mkono unaozama kiunoni.

Mmeuona. Avata, yaani mwili wa mtu ndani ya dunia pepe ya kompyuta, kasimama kwa maringo, mkono kiunoni, na kiganja kizima kimemezwa na mwili. Mwenye avata anamlaumu mshona nguo, mshona nguo anaulaumu mtandao. Mtandao hauna kosa hapo. Kosa limo ndani ya faili.

Faili la uhuishaji, yaani lile linaloliambia avata lisogeeje, liwe la BVH (aina ya faili za mwendo) au la aina nyingine, kwa sehemu kubwa halihifadhi mahali. Linahifadhi pembe. Linaliambia bega ligeuke kiasi fulani, linakiambia kiwiko kikunje nyuzi 90, basi. Kiuno kiko wapi, halijui. Chukueni mkono wenye sentimita 30 toka bega hadi kiwiko, na 30 nyingine toka kiwiko hadi kifundo. Kiwiko kikikunjwa nyuzi 90, kifundo kinakaa sentimita 42 na ushei kutoka begani. Sasa mteja kavuta kitelezi cha kurekebisha urefu wa mikono ya avata wake, kila mfupa umekuwa sentimita 36. Pembe ni zile zile, ila kifundo kimefika karibu sentimita 51. Sentimita 8 na nusu za ziada! Mkono uliopaswa kutua kiunoni umeshuka pajani. Mwingine hakugusa mikono, kanenepesha kiuno tu: kwake kiganja kimezama. Faili moja, aibu mbili.

Miguu nayo hivyo hivyo, ila huko nyonga huwa na mahali pake ndani ya faili, na mahali hapo pasipokuzwa pamoja na mwili mambo yanaharibika. Mguu wa sentimita 90 unachuchumaa, nyonga inashuka 30. Mpe mwenye mguu wa 99: kwa pembe zile zile alihitaji kushuka 33. Faili limemshusha 30, kwa hiyo anaelea sentimita 3 juu ya sakafu. Mfupi wa 81 anazama 3. Halafu tunaambiwa sakafu ni mbovu.

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: si kompyuta ihesabu yenyewe? Uipe mahali pa kiganja, itafute pembe za bega na kiwiko. Hesabu hiyo ipo, tena ni nzuri. Lakini ukiipa shabaha iliyo mbali kuliko urefu wa mkono, mkono unanyooka kama ufagio. Usipoiambia kiwiko kielekee upande gani, kitageuka ghafla katikati ya mwendo. Na dunia pepe nyingi hazimpi mpakiaji wa kawaida nafasi ya kuiamuru. Wewe unapakia pembe, pembe ndizo zitakazochezwa.

Basi jaribuni kwenye miili mitatu kabla ya kuuza: mdogo kabisa ambao vitelezi vinaruhusu, wa kati, na mkubwa kabisa. Si mwili wako mwenyewe mara tatu! Kiganja kiacheni sentimita 2 au 3 mbali na ngozi. Jicho husamehe pengo, halisamehi kuzama. Kwa kukumbatiana, tengenezeni faili zaidi ya moja kwa tofauti za kimo, na skripti, ile programu ndogo inayoyaendesha, iruhusu kusogeza mahali pa kila mmoja.

Nimekula muda, naona mnaangalia saa. Yaliyobaki mbio mbio.

Kwa Second Life, mojawapo ya dunia pepe hizo: ukipakia BVH, fremu ya kwanza, yaani pozi ya kwanza ndani ya faili, ni kipimo tu, haichezwi. Kiungo kisichotofautiana nayo kinaachwa nje. Ndiyo maana unataka kichwa kitulie, nacho kinaendelea kuzungukazunguka kwa amri ya uhuishaji mwingine. Fremu ya kwanza iwe mikono imenyooka pembeni, na kila kiungo unachotaka kukitawala kiwe tofauti hapo, hata kwa nyuzi 1.

Kipaumbele, namba inayosema uhuishaji upi utawale mwingine, huamuliwa kiungo kwa kiungo, na vikilingana, aliyeanza mwisho ndiye mshindi. Anayeweka namba kubwa, 4, kwa kila kitu, hata kupumua, asishangae kikombe kikikataa kushikwa.

Kujirudia: pozi ya mwanzo na ya mwisho zilingane, na kasi ya viungo pia. Wengi husahau kasi, mshtuko unaonekana kila mzunguko.

Kutembea: avata huko huenda karibu mita 3.2 kwa sekunde. Hatua zako zikila mita 1.6 kwa sekunde, nusu ya safari anateleza.

Na avata wawili wanaocheza dansi wasioenda pamoja? Seva hutuma amri ya kuanza tu; kila kompyuta hujichezea faili yenyewe, na ambayo haijamaliza kulipakua huchelewa. Lichezeni mara moja kabla ili lipakuliwe, kisha simamisheni wote na muanze upya kwa amri moja. Kwenye skrini ya jirani bado linaweza kupishana kidogo, na kwa hilo msinitafute mimi.