Hita ya AUTO Asubuhi ya Kabale: Chagua Namba, Kisha Liache Gari Lifanye Kazi

Hamjambo ndugu zangu, madereva wenzangu. Hapa nilipo ni Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, saa 12 kasorobo alfajiri, na mnauona mvuke unaonitoka mdomoni. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri kama hii nyuzijoto hushuka hadi 10 hivi. Aliyetoka Kampala jana mchana na shati la mikono mifupi, leo anaazima sweta. Na ndani ya gari lake kuna hita nzima ambayo pengine hajawahi kuitumia, au aliijaribu mara moja, ikampulizia baridi, akaizima.

Video hii ni ya gari lenye AUTO, lile ambalo unachagua namba ya joto na gari lenyewe linapanga feni na njia za hewa. Kama gari lako lina kirungu tu cha kuzungusha kutoka rangi ya bluu kwenda nyekundu, usiondoke. Sehemu ya maji na themostati inakuhusu wewe pia.

Kabla hatujagusa kitufe chochote, naomba tuelewane joto hili linatoka wapi. Ubaridi wa A/C unatoka kwenye kompresa. Joto linatoka kwenye maji ya injini. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, maji ya moto kutoka kwenye injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia. Basi injini ikiwa bado ya baridi, hita haina cha kukupa, hata uandike namba gani. Magari mengine yana hita ndogo ya umeme ya kusaidia, lakini mengi tunayoendesha hapa yanategemea maji tu.

Sasa tuwashe. Tazama mkono wangu.

Hatua ya kwanza, nabonyeza AUTO. Hata kama gari lako bado linakusalimia kwa Kijapani kila asubuhi, neno hili limeandikwa hivyohivyo, AUTO. Taa yake imewaka. Naweka 23. Basi, natoa mkono.

Mnasikia? Feni karibu haisikiki. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani hita imekufa, wanaongeza feni kwa mkono, na hewa ya baridi inawapiga magotini. Gari halijalala. Lina sensa inayopima maji ya injini, na linajua kwamba likipuliza sasa litakuongezea baridi tu. Linasubiri. Maji yakianza kupata moto, feni itapanda yenyewe, na mara nyingi hewa itaanzia miguuni, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu. Ukigusa kitufe cha feni au cha mwelekeo wa hewa, kwenye magari mengi taa ya AUTO inazimika, na kuanzia hapo kazi ya kupanga ni yako.

Kosa la pili ni kupandisha namba hadi HI, yaani joto la mwisho kabisa, ili joto lije haraka. Haliji haraka. Maji yanapata moto kwa kasi ileile, uwe umeweka 23 au HI. Ila ukifika HI, umeliambia gari liache kupima na litoe joto lote lililopo bila kukata. Baada ya nusu saa abiria wa nyuma anaomba kufungua dirisha, unashusha hadi LO, baridi ya mwisho, dakika tano baadaye mtoto analia kwa baridi. Nimewabeba abiria wengi kwenye njia hii, na nawaambia ukweli, safari nzima inaweza kuharibika kwa kitufe hiki kimoja. Anza na 22 au 23. Ukihisi baridi, ongeza moja tu, kisha subiri dakika kumi kabla ya kugusa tena.

Hatua ya pili, kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Dakika chache za mwanzo unaweza kukiwasha ili gari lipashe hewa ileile iliyomo ndani badala ya kuvuta baridi ya nje. Vioo vikianza kuingia ukungu, kizime mara moja. Pumzi za watu watano zina maji mengi, na hewa isiyobadilishwa pia inamchosha dereva.

Hatua ya tatu inawashangaza wengi: acha A/C iwe imewashwa hata unapotaka joto. Haikupozi. Hewa inapita kwanza kwenye sehemu ya baridi, inaacha unyevu wake pale, kisha inapita kwenye rejeta ndogo ya moto. Unapata hewa ya moto iliyo kavu, na hiyo ndiyo inayosafisha kioo. Ukienda Kisoro kupitia Kanaba asubuhi, ukungu uko nje na ndani, na barabara ina kona juu ya bonde. Pale usifute kioo kwa kitambaa huku unaendesha. Bonyeza kitufe cha kioo cha mbele, hiki chenye mistari mitatu inayopanda. Kwenye magari mengi kinawasha A/C na kuvuta hewa ya nje chenyewe. Kioo kikiwa safi, rudi AUTO.

Nageuza kamera kwenye dashibodi. Hiki kidude cheusi mfano wa kifungo, karibu na kioo, ni sensa ya jua. Na hapa, karibu na usukani, kuna vitundu vidogo. Nyuma yake ipo sensa ya joto la ndani. Ile ya nje mara nyingi iko mbele, nyuma ya bampa. Kwetu tunapenda kutandika dashibodi kitambaa cha manyoya, juu yake boksi la tishu, na kishikio cha simu tunakibandika popote penye nafasi. Angalia usiwe umezifunika. Vitundu vya ndani vikizibwa, gari linapima hewa iliyotuama, na joto linapanda na kushuka bila mpango. Vumbi la barabarani linaviziba pia, kwa hiyo vipanguse kwa brashi laini. Sensa ya jua ikifunikwa, gari linadhani ni kivuli muda wote, na mchana utahisi joto kuliko namba uliyochagua.

Haya. Umefanya yote hayo, dakika ishirini zimepita barabarani, na hewa bado ni vuguvugu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu shida hii naikuta kwenye magari mengi, na chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe.

Miaka iliyopita gari langu lilichemsha. Fundi mmoja alifungua, akatoa themostati, akaitupa. Akaniambia, "Hii ni ya nchi za baridi, Afrika haina kazi." Nikamshukuru na kumlipa. Gari halikuchemsha tena, nikaona amenisaidia. Kisha nikapata abiria wa Kabale, mama mwenye mtoto mchanga, tukaondoka Mbarara usiku. Tangu Ntungamo hadi tunaingia Kabale hita ilitoa hewa isiyokuwa moto wala baridi, na yule mama alimfunika mtoto kwa leso na koti langu. Niliumia sana. Ndipo nilipoanza kuuliza na kujifunza.

Themostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita tu, hayafiki kwenye rejeta kubwa. Yakifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka na rejeta kubwa inaanza kuyapoza. Ukiitoa, maji yanakwenda kwenye rejeta kubwa tangu sekunde ya kwanza. Alfajiri kama hii, gari likitelemka mlima na upepo wa nyuzi 10 unapiga rejeta, injini haifiki kwenye joto lake. Hita inakosa moto, na kompyuta ya gari inaendelea kudhani injini ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza mafuta. Unalipa baridi kwa pesa yako kwenye kituo cha mafuta.

Jinsi ya kupima, bila kifaa chochote. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima, fungua boneti. Washa injini, kisha gusa mpira mkubwa wa juu unaoingia kwenye rejeta. Weka mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Kwenye magari mengi, mpira huu unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Hapo ndipo themostati imefunguka. Kama unapata joto polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, themostati imekwama wazi au haipo.

Kisha tazama mipira miwili midogo inayopita kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Hiyo ndiyo ya hita. Injini ikishapata moto, iguse kwa haraka na kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa moto, maji yanapita vizuri, na shida iko ndani: labda ule mlango mdogo unaochanganya hewa ya moto na ya baridi, au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi nyuma ya kabati la dashibodi. Mmoja moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au valvu yake imefungwa. Yote baridi wakati injini ni ya moto, huenda maji yamepungua au kuna hewa imenaswa ndani. Na ukikuta mipira hiyo imekatwa ikaunganishwa pamoja kabla ya kufika ukutani, ujue kuna fundi aliyeiondoa hita yako kwenye mzunguko. Kwa kawaida anafanya hivyo rejeta ndogo inapovuja, akakwepa kazi ya kushusha dashibodi. Dalili za kuvuja ni zulia lenye maji upande wa abiria, harufu tamutamu, na utando wa mafuta kwenye kioo.

Kuhusu maji yenyewe, tumia kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini, acha kumimina ya bombani kila siku. Maji matupu yanaleta kutu, na vijia vya rejeta ndogo ni vyembamba, vinaziba mapema. Tena kwa mwinuko huu, maji ya kawaida kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kulanti pamoja na kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha. Kifuniko hicho usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa kinene. Na kama gari lilichemsha, tafuta kwanza kilicholichemsha; themostati mbovu inabadilishwa kwa nyingine mpya.

Neno moja kwa wanaosubiri Katuna, mpakani na Rwanda, usiku hadi waruhusiwe kuvuka. Usilale na injini inanguruma ili upate joto, hasa kama umeegesha mahali palipozibwa. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Sigiri ya makaa ndani ya gari ni hatari ileile. Pasha gari ukiwa macho, zima, kisha jifunike blanketi.

Tumerudi ndani. Zimepita dakika tisa tangu niwashe. Mshale wa joto la injini umefika karibu na katikati, na mnasikia feni imepanda bila mimi kugusa kitu. Hewa inatoka miguuni, ya moto. Namba ni ileile, 23. Sasa natelemka kwenda Mbarara, na kufika saa nne jua litakuwa kali. Nikifika huko nitaikuta hewa imegeuka yenyewe kuwa ya baridi, na namba sitakuwa nimeigusa.