Banio lako linakunywa maji kiasi gani? Hesabu ya skimu ya mpunga Usangu

Karibuni tena. Leo tuko Usangu, wilayani Mbarali, kwenye banio, yaani mlango unaoingiza maji ya mto kwenye mfereji wa mpunga. Maji tusiyoyachukua hapa yanashuka kwenye ardhioevu ya Ihefu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika bwawa la Mtera. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo kuna wanaoisubiri hesabu hii huko chini.

Kwanza, eneo. Achana na hekta za kwenye makaratasi. Zunguka na simu yenye GPS mwezi Februari, majaruba yakiwa na maji. Tuseme umepata hekta 200.

Pili, kiu ya mpunga. Tuchukue mfano: jua na upepo vinanyonya milimita 5 kwa siku. Mpunga unaochanua unazidi hapo, kwa hiyo zidisha kwa 1.2, unapata 6. Ongeza 4 zinazozama ardhini, toa 2 za mvua. Zimebaki 8. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni meta za ujazo 10, basi hekta 200 zinataka meta za ujazo 16,000 kwa siku. Wiki za kuloweka na kuvuruga shamba zifanyie hesabu yake. Ardhi kavu inaweza kumeza milimita 200 kabla hujapandikiza mche hata mmoja.

Tatu, mfereji wenyewe. Huu ni wa udongo. Tukisema kati ya ndoo 10 za banioni zinafika 4, gawanya 16,000 kwa 0.4: ni 40,000 kwa siku, yaani lita 463 kwa sekunde.

Sasa tujihakiki kwa ganda la chungwa. Litupe katikati ya mfereji, pima meta 20. Letu limetumia sekunde 25, yaani meta 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole, kisha kwa upana wa meta 1.5 na kina cha 0.5. Lita 510. Tumekaribiana. Ingekuja 900, ningeanza kutafuta shamba ambalo hakuna aliyenitajia.

Haya, miaka 10 ijayo. Mfereji umesakafiwa, zinafika ndoo 5. Hekta zikibaki 200, unachukua lita 370. Lakini nani atabaki na 200? Zikifika 300, ni lita 556: saruji imewekwa na mto umepungukiwa zaidi. Tena yale yaliyokuwa yakivuja, mengine yalirudi mtaroni yakamfaa jirani wa chini. Usiyahesabu yote kuwa yamepotea.

Mwisho, rudi hapa Septemba. Mpunga umeshavunwa, ila banio bado liko wazi kwa bustani na maji ya nyumbani. Siku hiyo pima mto wenyewe, juu ya banio na chini yake, uandike namba zote mbili na tarehe.