Darubini ndogo ya kuwindia: naivaa kifuani, siiweki mfukoni

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mnaonifuatilia kutoka nyumbani. Karibuni tena hapa Missoula, magharibi mwa Montana. Leo nimeweka darubini mezani, maana tangu msimu wa uwindaji uanze swali limekuwa hilohilo: kaka, ninunue darubini gani, na ina haja gani wakati bunduki tayari ina ya kwake juu?

Naanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Darubini ya bunduki ni ya kulengea. Ukiitumia kuchungulia kitu kinachotikisika kichakani, tayari umeelekeza mtutu kwa usiyemjua. Huenda ni kulungu, huenda ni mzee wa watu ameinama anafunga kamba za viatu. Sheria ya hapa inakutaka uvae rangi ya chungwa inayowaka, isiyopungua inchi za mraba 400 kuanzia kiunoni kwenda juu, lakini mtu aliyekaa nyuma ya gogo huioni fulana yake yote. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: kama huna darubini ya mkononi, usitoke na bunduki. Na ninyi ndugu zetu Wakongo mliofika Missoula kuanzia 2016, hasa mnaojiandaa na kozi ya uwindaji, hili mlishike mapema.

Sheria yenyewe inadai macho. Chukua elki, yule kulungu mkubwa wa huku. Maeneo mengi unaruhusiwa dume ambaye nusu ya chini ya pembe yake ina chomozo la inchi 4 au zaidi, yaani kama sentimita 10. Sasa mnyama yuko mita 200, nusu ya kichwa imefichwa na matawi ya msonobari, na jua halijatoka, maana kupiga kunaruhusiwa nusu saa kabla ya kuchomoza. Lazima ulione lile chomozo, usilikisie. Dubu ndio zaidi. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia kabisa, na grizzly, yule dubu mkubwa wa kahawia, analindwa na sheria ya taifa tangu 1975. Kabla ya kununua leseni ya dubu mweusi unafanya mtihani wa kuwatofautisha. Rangi haikusaidii. Unatafuta alama za grizzly: nundu ya mabegani, masikio mafupi ya duara, uso uliobonyea kati. Ukibaki na shaka, bunduki inabaki begani.

Haya, ukubwa. Hii yangu imeandikwa 8x32: inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 32. Gawanya 32 kwa 8, unapata 4. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, na inapungua umri unavyosonga. Zile ndogo za kukunja, 10x25, zinakupa milimita 2.5 tu. Saa sita mchana huoni tofauti, na dukani muuzaji anakuonyesha chini ya taa kali, unafurahi. Alfajiri ile ambayo wanyama wako nje wanakula, unaona weusi mtupu. Ndiyo sababu ya mfukoni siipendekezi kwa mwindaji, hata kama ina gramu 300 tu. Ile kubwa ya 10x42 ni nzuri kwa mwanga, ila nyingi zina gramu 700 hadi 900, na ukipanda mlima kutwa nzima utaanza kuiacha kwenye gari. Ya 8x32 inacheza kwenye gramu 500 na kitu. Hiyo mtu anaibeba.

Na msikimbilie mara 10. Ikikuza zaidi, mtetemo wa mkono nao unakuzwa, hasa ukiwa unahema baada ya kupanda. Kule mashariki mwa Montana kwenye nyanda wazi, sawa, mara 10 ina kazi. Kwenye misitu yetu hii unahitaji kuona eneo pana. Mvaa miwani aulize umbali wa jicho kutoka kwenye kioo: usiwe chini ya milimita 15, la sivyo ataona duara dogo katikati.

Ule mkanda wa shingoni unaokuja kwenye boksi mimi nautoa. Unakata shingo, na ukiinama darubini inabembea inagonga bunduki. Nunua mikanda ya mabegani inayopishana mgongoni, darubini ikae kifuani, uinyanyue kwa mkono mmoja bila kishindo. Tena ikae nje ya koti. Ukiificha ndani ikiwa ya baridi ili ipate joto, mvuke wa mwili unashika kwenye vioo. Iliyojazwa gesi ya nitrojeni haishiki ukungu kwa ndani, lakini kwa nje hakuna inayopona. Jioni ukirudi iache kwenye mfuko wake mpaka izoee joto la nyumba.

Kabla ya yote irekebishe. Tazama kibao chenye maandishi, funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha funga la kushoto, uguse pete ya upande wa kulia peke yake. Wengi wanaolalamika kichwa kinauma wameruka hatua hii. Ukiwa porini kaa chini, viwiko juu ya magoti, tembeza macho taratibu. Usitafute mnyama mzima: tafuta sikio linalocheza, au mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama.

Kwa mlioko nyumbani: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Tanzania huwindi bila leseni, lakini najua waongoza watalii na askari wa wanyamapori mnazihitaji hizi kila siku. Ogopeni zile zilizoandikwa 60x60 au 100x180 zenye vioo vyekundu. Mkiwa dukani fanyeni hivi. Shika darubini mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga wa nje, si kwenye jua, uone kaduara keupe kwenye kioo cha nyuma, kile cha kuwekea jicho. Kapime kwa rula, upime na kioo cha mbele. Kama mbele ni milimita 30 na kaduara ni 5, hiyo inakuza mara 6, hata iandikweje. Na kaduara kakiwa na pembe badala ya kuwa mviringo, mrudishieni muuzaji mzigo wake.