Upo London, mbona hatukuoni Emirates? Haya, leo najibu

Habari zenu ndugu zangu. Naona kitaa chekundu cha kamera kinawaka, basi inarekodi. Nipo jikoni, mama watoto kalala, mtoto kalala, kwa hiyo nitaongea chinichini, mtanisamehe.

Video hii sikuipanga. Nilitaka kumalizia ile ya leseni ya udereva. Ila komenti ni ileile, hata nikipandisha video ya kupika maharage: "Kaka, wewe si Arsenal damu? Uko London tangu 2021, mbona hatujakuona uwanjani?" Juzi mmoja kaandika, "Huyu yupo Mbagala anatuzuga." Nilicheka, lakini iliniingia kidogo.

Na najua nikijibu itakuwaje. Nikisema nimeenda, najishaua. Nikisema sijaenda, nalialia, na atatokea wa kuniambia rudi nyumbani uwapishe wenzako. Semeni tu. Haya ni yangu mimi, msiyachukue mkayafanya ya Waswahili wote wa Uingereza. Kuna jamaa zetu hapa wana tiketi za msimu mzima na wanastahili.

Lakini kwanza nianzie Tanga, maana bila Tanga hamtanielewa.

Mimi nimekulia Ngamiani, Barabara ya 12. Kwetu mpira ulikuwa Coastal Union. Mjomba wangu aliyenilea ubingwa wa Coastal wa 1988 alikuwa anausimulia kama harusi yake. Mpira wa Uingereza aliuita "mpira wa kwenye kioo". Arsenal niliipata mtumbani. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikaokota jezi nyekundu mikono myeupe, kifuani imeandikwa JVC, herufi ya J imebanduka nusu. Nikadhani hilo ndilo jina la timu. Nilitembea wiki nzima nikiwaambia watu mimi ni shabiki wa VC.

Aliyenifundisha timu ni Kanu. Mnamkumbuka? Mnigeria mrefu, miguu kama ngazi, alifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1996 watu wakasema basi, kwisha. Oktoba 1999 Arsenal wako kwa Chelsea, mvua inanyesha, wamefungwa mbili bila, imebaki robo saa. Jamaa akapiga tatu peke yake. Lile la tatu yuko pembeni kabisa, karibu na mstari wa mwisho, kipa keshatoka, na bado akaliona goli. Mimi sikuliona siku hiyo. Nililiona miezi baadaye kwenye kanda ya video iliyokwaruzika, mpira unapotea kwenye chenga za kioo halafu unaonekana uko wavuni. Hata leo, naweza kulitazama safi kabisa kwenye simu, lakini kichwani linanijia na zile chenga.

Halafu vikaja vibanda umiza. Waliozaliwa juzi, mnajua kibanda chenye bapa tatu ukutani. Sisi tulikuwa na televisheni moja ya chogo juu ya meza, mabenchi ya mbao yenye misumari, turubai juu, shilingi mia mlangoni. Ubao nje umeandikwa kwa chaki. Na ule mchezo wa saa: miezi mingine mechi ni saa kumi na moja, miezi mingine saa kumi na mbili, sisi tunamlaumu mwenye kibanda kwamba anabadilisha makusudi auze chai. Kumbe Wazungu ndio wanarudisha saa nyuma Oktoba. Nimekuja kulielewa hilo huku, siku niliyochelewa kazini.

Ngoja niwape ya Septemba 2003, maana hii ndiyo iliyonifanya nirekodi.

Arsenal wako Old Trafford, bila kwa bila. Vieira wetu keshapewa kadi nyekundu. Dakika za mwisho kabisa, penalti ya Manchester. Van Nistelrooy anauweka mpira. Kibanda kimegawanyika, sisi kulia, wao kushoto, jasho linanuka, mtu kanikalia gotini na sikumwambia kitu. Jamaa anarudi nyuma, anaanza kukimbia, umeme ukakatika.

Giza. Sekunde moja hakuna aliyesema neno. Kisha tukasikia kelele kubwa kutoka kibanda cha Barabara ya 15, wao walikuwa na jenereta. Kelele! Lakini za nani? Watu wa Manchester wakashangilia palepale gizani, wakaturukia mabegani. Sisi tukanyamaza, kwa sababu kelele za furaha zote zinafanana. Nikatoka mbio. Kandambili moja ikabaki kwenye mlango wa kibanda, na sikuipata tena. Nikapita barabara tatu nikiwa na mguu mmoja uchi, nikafika, nikamkamata mtu wa kwanza shati: "Vipi?" Akaniambia, "Mwamba!" Nikamwambia mwamba gani? "Mwamba wa juu! Umegonga mwamba!"

Nikarudi peke yangu na ile habari. Ndugu zangu, sijawahi kuwa mtu muhimu namna ile. Nilisimama mlangoni pa kibanda cha giza nikiwa nahema, watu sabini wananisubiri mimi.

Ule msimu Arsenal haikupoteza hata mechi moja ya ligi. Mechi 38, imeshinda 26, sare 12. Kama penalti ile ingeingia, ile sifa leo hatuna.

Ya Paris 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa na Barcelona, sisemi sana. Kipa nyekundu dakika ya 18, tukaongoza tukiwa kumi, halafu Eto'o akasawazisha, Mwafrika mwenzetu, na Belletti akamaliza. Mjomba, aliyekuwa hapendi mpira wa kioo, usiku ule alikaa na mimi mpaka mwisho kisha akasema, "Hata Coastal tuliyapitia." Akaingia ndani kulala.

Na Jumamosi ambazo kibanda kilijaa au mia haikupatikana, kulikuwa na Ulimwengu wa Soka ya BBC. Charles Hilary, Mungu amlaze pema, alikuwa anakutangazia mpira wa London kama vile unachezwa Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga. Redio juu ya dirisha, sisi chini kwenye baraza.

Sasa ndiyo nije London.

Majira ya baridi ya kwanza nilikuwa nasambaza chakula kwa baiskeli. Wale wanaonilaumu kwamba huwa naonyesha mazuri tu, haya. Usiku mmoja simu inalia, oda iende Highbury. Highbury, kwenye uwanja wa zamani wa Arsenal! Moyo ukashtuka. Nilijua uwanja ulifungwa 2006 wakahamia Emirates, hapo jirani tu, lakini sikujua waliufanyaje. Nafika mtaa wa Avenell, naona ule ukuta mweupe wa jukwaa la mashariki, na jina la Arsenal liko palepale kama kwenye picha. Nikasema kumbe upo. Mteja akaandika: ingia ndani, acha mlangoni.

Ndugu zangu, majukwaa ni fleti. Watu wanaishi humo. Pale juu ilipokuwa siti, kuna mtu kaanika taulo. Na katikati, ulipokuwa uwanja, kuna bustani, vijia na taa za chini chini. Nikashusha baiskeli. Nikajaribu kupiga hesabu: goli lilikuwa wapi? Henry wetu alipofunga tatu siku ya mwisho ya uwanja ule, dhidi ya Wigan, akapiga magoti akabusu nyasi, ni hapa au kule? Nimebeba begi la chakula mgongoni, mchuzi unavuja, simu inatetemeka "mteja anasubiri," na mimi napima hatua kwenye bustani ya watu. Mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, natafuta goli. Akaondoka haraka.

Mteja alinipa nyota moja. Chakula kilipoa. Haki yake.

Sasa tiketi. Kwa ufupi, maana mnajua intaneti: huendi dirishani ukanunua kama Mkwakwani. Unalipa uanachama kwanza, halafu unaingia kwenye bahati nasibu, ukishinda ndiyo unalipa tiketi. Mimi nimecheza mara sita, nikapata sifuri. Mara ya saba nikajifanya mjanja, nikampata mtu mtandaoni ana tiketi ya ziada, pauni 140. Nikatuma. Akanifungia hapohapo. Na nikienda polisi nisemeje? Huku kuuza tiketi ya mpira bila ruhusa ni kosa, sheria ipo tangu 1994, na mimi ndiye niliyekuwa nanunua. Nikanyamaza. Mke wangu amejua leo, akiitazama video hii. Pole mama.

Na mseme ukweli, hiyo pauni 140 ilitoka wapi? Mwaka 2024 nimeongeza viza ya familia. Ada ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka, unalipa ya miaka miwili na nusu kwa mkupuo: pauni 2,587 na senti. Hapo bado ada ya fomu yenyewe, na huku kwenye mshahara nakatwa kodi kama kawaida. Bado vielelezo, risiti za umeme zenye majina yote mawili, na kuna ofisi ilinirudishia karatasi kwa sababu jina langu la kati limeandikwa na "h" upande mmoja na bila "h" upande mwingine. Miezi miwili nimekimbizana na hiyo "h". Mtu wa namna hiyo unamuuliza kwa nini hayupo jukwaani na skafu?

Halafu jezi. Hapa nitaongea na binamu yangu mmoja, anajijua. Uliniomba orijino. Nikanunua, pauni themanini zimekwenda. Ilipofika huko ukaambiwa ulipie, nikatuma na hiyo. Wiki mbili baadaye naona picha ya harusi, jezi yangu imevaliwa na mpiga ngoma nisiyemjua. Nimekusamehe, lakini jezi nyingine haiji.

Ila jambo linalonichekesha kuliko yote ni hili. Mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri, huku Uingereza haionyeshwi kwenye televisheni. Haionyeshwi kabisa! Kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo ni marufuku laivu. Ilianza miaka ya sitini, mwenyekiti wa Burnley aliyeitwa Bob Lord aliwashawishi wenzake kwamba watu wakitazama nyumbani, viwanja vidogo vitakosa mashabiki. Mpaka leo. Mimi niko kilomita chache kutoka Emirates, sioni. Nyie mko Barabara ya 12, mnaona, na soda mkononi. Ndiyo maana nikisikia "unajishaua London" nashindwa hata nianzie wapi.

Mtasema kuna redio. Ipo, nzuri tu. Lakini inanitangazia kwa utaratibu, kila mtu anasubiri zamu yake aongee. Mimi nimezoea matusi.

Kwa hiyo ninachofanya, na sisemi na wewe ufanye, nampigia huyohuyo binamu wa jezi. Anakaa kibandani, simu mfukoni mwa shati, ananitangazia. Anatangaza vibaya mno. Anasahau kusema nani ana mpira, anamtukana mwamuzi dakika nzima, mara ananunua karanga na mimi nasikia bei.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapahapa, nasimama kwenye hili sinki. Anasema, "Penalti, penalti!" Namuuliza ya nani? "Subiri, anaweka mpira..." Mtandao ukakata. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena. Nikafungua dirisha hili hapa, mnaliona, baridi ikaingia yote. Nikatoa kichwa nje, nikatulia, nisikilize kama kuna jirani atakayepiga kelele.