Mfugaji wa Bethel na Mahipi Wake

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie Woodstock, tamasha la muziki lililofanyika Marekani Agosti 1969, na mahipi waliolijaza, na najua wengi wenu mmekuja na picha ileile: vijana wenye nywele ndefu, matope, bangi, na Jimi Hendrix na gitaa lake. Picha hiyo ni ya kweli, wala sina nia ya kuifuta. Ila jioni hii nataka tushuke jukwaani twende zizini, kwa mtu aliyekuwa akikamua ng'ombe. Aliitwa Max Yasgur. Naamini kwa dhati kwamba bila yeye na majirani wa wilaya ile, tamasha hilo leo lingetajwa pamoja na maafa, si pamoja na muziki.

Tuwatazame kwanza vijana wenyewe. Mwaka 1969 Marekani ilikuwa na askari wapatao nusu milioni Vietnam. Kijana wa kiume akitimiza miaka 18 alitakiwa ajiandikishe, na jina lake likiitwa, ama aende vitani, ama akimbilie Kanada, ama afungwe. Mwaka uliotangulia Martin Luther King na Robert Kennedy walikuwa wameuawa kwa risasi, wakipishana miezi miwili tu. Kwa kijana wa umri huo, habari kwamba wakubwa wanajua wanachokifanya haikuingia akilini tena.

Mahipi walitoka humo. Kitovu chao kilikuwa mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, ambako makumi ya maelfu walimiminika mwaka 1967. Waliikataa vita, wakakataa suti na tai na maisha ya kukimbizana na mshahara. Wakaishi kwa jumuiya, chungu kimoja, nguo za mitumba, falsafa za Kihindi, bangi na LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe. Wazazi wao walikuwa kizazi kilichoonja njaa ya miaka ya 1930 na kisha kikapigana na Hitler. Wazazi hao waliona watoto wametemea mate jasho lao.

Ugomvi huo wa mavazi na adabu haukuwa wa Marekani pekee. Wazee mlio humu mnaikumbuka Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyoanza Januari 1969: marufuku sketi fupi, marufuku mawigi, marufuku suruali za kubana. Kwetu chama ndicho kilichosimama na fimbo. Kule Marekani fimbo ilishikwa na mabaraza ya miji midogo, na hapo ndipo Yasgur anapoingia.

Waandaaji walikuwa wanne, wote chini ya miaka 30: Michael Lang, Artie Kornfeld, Joel Rosenman na John Roberts. Fedha zilitoka kwa Roberts, aliyekuwa na urithi wa familia. Tamasha lilibeba jina la mji wa Woodstock lakini halikufanyika huko hata siku moja. Walikuwa wamekodi uwanja Wallkill, jimbo la New York. Wenyeji walipowaona mafundi wenye nywele hadi mabegani wakipima viwanja, wakaingiwa na hofu, na mwezi wa Julai mji ukapitisha sheria iliyowafungia mlango. Tiketi zilikwisha kuuzwa kwa maelfu. Ulibaki mwezi mmoja.

Yasgur alikuwa na miaka 49, mfugaji mkubwa wa ng'ombe wa maziwa katika wilaya ya Sullivan, Myahudi, mwanachama wa chama cha Republican, mtu asiyepingana na serikali yake juu ya vita. Moyo ulikuwa ukimsumbua. Aliwasikiliza vijana, akawakodishia ardhi iliyofikia ekari 600 hivi karibu na kijiji cha Bethel. Sehemu yake moja ni kilima kinachoteremka taratibu kwa mviringo kama bakuli, jukwaa likikaa chini, kila mtu anaona.

Tusimfanye malaika. Alilipwa, na mwaka ule mvua zilikuwa zimemharibia majani ya kulishia mifugo, kwa hiyo fedha alizihitaji. Lakini majirani walipobandika bango barabarani kuwataka watu wasinunue maziwa yake, biashara aliyoijenga maisha yake yote iliingia hatarini. Angeweza kuvunja mkataba, na asingelaumiwa. Alikwenda mbele ya baraza la mji akawaambia kwa maana hii: hata mimi sura za baadhi ya vijana hawa hazinipendezi, wala namna wanavyoisema serikali, lakini katika nchi hii watu wamefia haki ya vijana hao kusema. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kumtetea mtu unayekubaliana naye ni kazi nyepesi.

Basi ikafika Ijumaa, Agosti 15. Tiketi zilizouzwa mapema zilikuwa zaidi ya 180,000. Waliofika walizidi 400,000. Waandaaji walikuwa na uchaguzi kati ya kumaliza uzio na kumaliza jukwaa, na mafundi hawakutosha kwa yote mawili. Uzio ukakanyagwa, tamasha likatangazwa kuwa bure. Barabara ya 17B ikafunga kabisa. Watu wakaacha magari pembeni na kutembea kilomita nyingi na mablanketi kichwani.

Wanamuziki nao wakanasa kwenye foleni, ikabidi waletwe kwa helikopta. Ndiyo maana aliyefungua tamasha, saa kumi na moja jioni, ni Richie Havens, Mmarekani Mweusi wa Brooklyn ambaye hakupangwa kuanza. Akapiga nyimbo zake. Alipotaka kushuka, akarudishwa, kwa kuwa aliyemfuata hajafika. Akarudishwa tena na tena hadi nyimbo zikamwishia. Itazameni siku moja filamu yake. Kidole gumba cha kushoto kimepita juu ya shingo ya gitaa kukandamiza nyuzi, mguu unatwanga jukwaa, mgongo umelowa jasho. Anaanza kuita neno moja, uhuru, analirudia na kulirudia, kisha palepale analiunga na wimbo wa kale wa watumwa, ule wa mtu anayejiona kama mtoto asiye na mama. Muungano huo aliubuni akiwa mbele ya umati. Kwangu hicho ndicho kilele cha siku zote zile, hata kuliko Hendrix.

Siasa haikukosa. Usiku uleule Joan Baez, mjamzito wa miezi sita, aliimba na kuwasimulia habari za mumewe aliyekuwa gerezani kwa kukataa kwenda vitani. Sitawapitisha kwa msanii mmoja mmoja, walizidi 30.

Tuje kwenye njaa. Kufikia Jumamosi chakula kilikuwa kimekwisha, maji haba, vyoo vya kuhamishika vichache mno, na mvua imegeuza shamba kuwa tope. Gavana wa jimbo, Nelson Rockefeller, alifikiria kutuma askari wa akiba wapatao 10,000. John Roberts akamsihi asifanye hivyo. Nami nauliza: bunduki zingeingia katikati ya vijana nusu milioni wenye njaa, wengi wao wamelewa, ingekuwaje?

Wakaingia watu wa aina nyingine. Jumuiya ya mahipi iitwayo Hog Farm, iliyoletwa kwa ndege kutoka New Mexico chini ya Hugh Romney, aliyekuja kujulikana zaidi kwa jina la Wavy Gravy, ilipika ngano iliyopondwa na mboga kwenye masufuria makubwa, ikagawa granola, yaani oti kavu zilizochanganywa na asali na zabibu kavu. Romney alipanda jukwaani akatangaza kwamba wanakusudia kuwaletea watu 400,000 kifungua kinywa kitandani. Watu wake hao hao waliwakalisha kwenye mahema vijana waliochanganyikiwa kwa LSD, wakawashika mikono na kuzungumza nao hadi dawa iwatoke.

Na katika mji wa jirani wa Monticello akina mama wa kituo cha jumuiya ya Wayahudi walikusanyika wakakata mikate 200, wakaijaza nyama, wakaongeza matango ya siki. Sandwichi hizo zikapelekwa shambani na kugawiwa na masista wa Kikatoliki. Jeshi lilitoa helikopta za kusafirisha madaktari na wagonjwa: jeshi lilelile ambalo vijana wale walikuwa wakiimba dhidi yake. Yasgur aliposikia kuna jirani anauza maji, alighadhibika, akaweka bango kubwa kwenye ghala lake kwamba maji ni bure.

Vifo vilitokea, na tusivipitie kimyakimya: kijana mmoja alikufa kwa dawa za kulevya, mwingine alikanyagwa na trekta akiwa usingizini. Lakini kwa mji wa ghafla wa watu wengi kiasi kile, kwa siku tatu bila polisi wa maana, hapakuzuka fujo kubwa.

Jumapili Yasgur mwenyewe alipandishwa jukwaani. Akajitambulisha kuwa ni mkulima, hajui kuhutubia hata watu 20, sembuse umati huo. Akawaambia wameuthibitishia ulimwengu kwamba vijana nusu milioni wanaweza kukaa pamoja siku tatu kwa burudani na muziki, bila kitu kingine. Hakuwaambia wakanyoe.

Hendrix alipiga Jumatatu, saa tatu asubuhi, wengi wamekwisha kuondoka. Wimbo wa taifa la Marekani aliutoa kwenye gitaa ukiwa na milio ya mabomu ndani yake, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miamvuli.

Miezi minne baadaye, Desemba 6, bendi ya Rolling Stones iliandaa onyesho la bure Altamont, California. Umati ulikaribia 300,000, muziki uleule, nywele zilezile. Uwanja ulipatikana kama siku moja na nusu kabla, na ulinzi wa jukwaa wakapewa wapanda pikipiki wa Hells Angels kwa malipo ya bia. Meredith Hunter, kijana Mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Watu husema Altamont ilionyesha kwamba mahipi walikuwa waongo. Mimi sikubaliani nao. Altamont hapakuwa na Yasgur, hapakuwa na akina mama wa Monticello, na waliokabidhiwa ulinzi walikuja na rungu.

Waandaaji wa Woodstock walitoka na deni la zaidi ya dola milioni moja, wakaokolewa baadaye na filamu ya tamasha hilo. Yasgur alishtakiwa na baadhi ya majirani kwa uharibifu wa mali zao. Mwaka 1970 aliombwa tena shamba lake, akakataa, akasema anarudi kwenye ng'ombe wake. Aliliuza mwaka uliofuata, na moyo ukamwangusha Februari 1973, akiwa na miaka 53. Gazeti la muziki la Rolling Stone, lililokuwa la mahipi haswa, lilimpa ukurasa mzima wa tanzia. Karibuni kwa maswali.