Anayechelewa Atangulie: Wawili kwa Baiskeli Katika Bonde la Po

Wazee wangu, kaka na dada zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, na nitalisema tena, kwa sababu kila kiangazi kinapokaribia napokea ujumbe ule ule: "Dada, mimi na mwenzangu mwaka huu tunakwenda kuendesha baiskeli Italia, wiki nzima. Tumeshalipia Toscana, tupe ushauri." Wameshalipia! Ushauri unaombwa pesa ikiwa imeshatoka.

Sina ugomvi na Toscana, ule mkoa wa vilima katikati ya Italia. Ni nzuri kama mnavyoiona kwenye picha. Ila picha haikwambii kwamba ule mji mzuri umekaa juu ya kilima, na hoteli yako imo mjini. Volterra, Montalcino, Montepulciano, yote iko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo siku nyingi zinaishia kwa kupanda, saa kumi jioni, jua bado linawaka, mabegi yako kwenye keria na miguu imekwisha. Mwenye mazoezi anafurahia. Mwenzake je?

Hapa nataka tukae kidogo. Ni nadra watu wawili waliooana kuwa na miguu ya nguvu moja. Mmoja atakuwa mwepesi, na safari hii huwatenga bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mwepesi anatangulia. Anafika kileleni, anashuka kwenye baiskeli, anakunywa maji, anakula ndizi, anapiga picha, anajifuta jasho. Robo saa imepita. Mwenzake anatokea, uso umeiva, pumzi juu juu. Yule wa kwanza ameshapumzika, sasa upepo unampiga mgongoni anaona baridi, basi anasema, "Haya, twende!" Mmeona hesabu yake? Aliyechoka kidogo amepumzika robo saa. Aliyechoka sana hajapumzika hata dakika moja. Rudieni hivyo kila kilima, kutwa nzima, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka wafike mahali hawasemeshani.

Niliwahi kuwapokea wawili wa namna hiyo kituo cha treni, Firenze. Walikuwa wamekatisha safari. Mume ameegemea nguzo, mke amekaa juu ya begi hatua kumi kutoka alipo mumewe, baiskeli zimelazwa katikati. Nikamwuliza yule mama safari ilikuwaje. Akaniambia, "Mgongo wake nimeuona vizuri sana, dada. Italia sijaiona."

Sentensi ile sijaisahau, na ndiyo inayonisimamisha mbele yenu leo. Watu wametafuta likizo kwa mwaka mzima, wamelipa nauli, wanarudi nyumbani mmoja hajaona kitu!

Kanuni yangu ni moja: anayechelewa atangulie. Yeye ndiye apange mwendo, yeye ndiye aseme tusimame. Mkipumzika, hesabu ya kupumzika ianze anapokaa yeye. Ni upepo wa mbele peke yake unaobadilisha kanuni hii: hapo mwenye nguvu apite mbele amkingie mwenzake, lakini ageuke nyuma kila mara, maana akimwacha mita ishirini hamkingii chochote.

Najua kuna kaka pale anataka kuniambia kwamba Italia ya baiskeli ni ya milima, na Gino Bartali, yule bingwa wa mbio za baiskeli, alikuwa mtu wa Toscana. Ni kweli. Alizaliwa Ponte a Ema, nje kidogo ya Firenze, akashinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipeleka hati za bandia za kuwaokoa Wayahudi, amezificha ndani ya bomba za baiskeli yake, kutoka Firenze mpaka Assisi. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini kaka yangu, Bartali hakuwa likizoni na mkewe!

Mwingine atasema, tukodishe baiskeli za umeme. Sawa, mpeni ya umeme yule mzito, ni njia nzuri. Ila kumbukeni uzito wake unakaribia kilo 25, na vituo vingi vidogo vya treni vina ngazi za kushuka chini ya reli na kupanda upande wa pili. Mtaibeba nani na nani?

Mimi nawapeleka bondeni, kwenye bonde tambarare la mto Po, kaskazini mwa Italia. Anzieni Peschiera del Garda, mahali mto Mincio unapotoka ziwa Garda. Treni za Milano na Venezia zinasimama pale. Kuna njia ya baiskeli inayoufuata mto na mifereji mpaka Mantova, kilomita 40 na kitu, tambarare karibu mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa gari halipiti. Siku ya kwanza msiende mbali zaidi ya hapo. Njiani kuna Borghetto, kitongoji cha vinu vya maji, na daraja la ngome lililojengwa mwaka 1393 likikatisha bonde zima. Simameni hapo mle tortellini, vile vitambi vya unga vilivyojazwa nyama. Wale wa Valeggio wanaukanda unga mwembamba kiasi kwamba ukiinua moja kwa uma unaona kivuli cha nyama ndani yake.

Mantova mnaifikia kwa maji: maziwa matatu yanaizunguka pande tatu, na yalitengenezwa na watu karne ya 12 kwa kuuzuia mto. Laleni pale usiku mbili. Kachungulieni kile chumba ambacho mchoraji Andrea Mantegna alizichora kuta zake, kazi aliyoimaliza mwaka 1474, na mle tortelli za boga.

Kutoka hapo fuateni Mincio mpaka unapoingia mto Po, kisha mpite San Benedetto Po, kwenye abasia, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1007, mwelekee Ferrara. Gawanyeni kwa siku mbili. Mnapita juu ya tuta la kuzuia mafuriko ya mto, na hapa ndipo watu wananiambia, "Dada, kule si mashamba ya mahindi matupu?" Hebu pandeni juu ya hilo tuta. Mkono mmoja mto, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Mkono wa pili mapaa ya nyumba, na mnayatazama kutoka juu. Novemba 1951 maji yalilibomoa tuta upande wa kaskazini, karibu na Occhiobello, watu karibu 100 wakafa na zaidi ya laki moja wakahama makwao. Ukijua hilo, huliiti tuta lile barabara tupu. Na lina upana wa kutosha wawili kwenda sambamba mkiongea. Sambamba! Ndicho kitu ambacho yule mama wa Firenze hakukipata hata siku moja.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, basi niharakishe.

Ferrara: wazee, wanafunzi, wenye suti, wote wako juu ya baiskeli. Kuta za zamani zinauzunguka mji kilomita 9, zungukeni jioni bila mabegi. Kutoka Ferrara nendeni Comacchio, mji wa mifereji na mikunga, halafu Ravenna. Hapo nawaomba sana: msiingie barabara ya Romea, imejaa malori. Piteni kando ya mabwawa mpaka Sant'Alberto, kuna kivuko cha kuwavusha mto Reno. Ravenna mkaone michoro ya vijiwe vya rangi kanisani, na kaburi la mshairi Dante, aliyefia pale mwaka 1321.

Msimu: Mei, au Septemba. Julai juu ya tuta hakuna kivuli, na mbu wa kule mto unakomwagikia baharini hawana adabu. Chakula: majiko mengi ya mchana yanafungwa saa nane, saa nane na nusu, na maduka ya vijijini nayo yanafunga mchana, kwa hiyo msifike saa tisa mkilalamika njaa. Treni: pandeni zile za mkoa zenye picha ya baiskeli mlangoni, na mkate tiketi ya nyongeza ya baiskeli. Zile za kasi haziichukui mpaka ikunjwe, au ifunguliwe vipande na kutiwa kwenye mfuko wake. Kuhusu pancha na vipuri nilikuwa na mengi, lakini muda hakuna. Chukueni tyubu mbili na pampu.

Ramani nimezileta, ziko pale mezani. Nianze na swali la mama aliyenyoosha mkono pale nyuma. Na mumewe asimjibie.