Kura Ziwepo, Hesabu Ifichwe

Ndugu zangu, mwenyekiti ameniomba nisirudie yale yale. Nitayarudia, maana wanaoendesha majukwaa ya mtandaoni bado hawajanisikia.

Mnauliza kama wanajukwaa waruhusiwe kuyapigia kura mabandiko ya wenzao. Waruhusiwe! Uzi wa mjadala ukifika kurasa arobaini, nani atazisoma zote? Ugomvi wangu ni na ile namba ya kura iliyobandikwa pembeni, ambayo mtu anaiona kabla hajasoma hata sentensi moja.

Mwaka 2013 jarida la kisayansi la Science lilichapisha jaribio la watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor. Walilifanya kwa miezi mitano kwenye tovuti moja ya habari ambako wasomaji hupigiana kura kwenye komenti, juu kusifu au chini kukataa. Komenti mpya ikiingia, kompyuta inachezesha bahati nasibu: chache zikapewa kura moja ya juu, chache zaidi kura moja ya chini, zilizobaki zikaachwa kama zilivyo. Komenti 101,281! Hakuna aliyetazama kama mtu kasema la maana au kapayuka. Sasa sikilizeni. Msomaji wa kwanza kuikuta komenti yenye kura ile ya juu, uwezekano wa yeye kuongeza ya kwake ulipanda kwa asilimia 32. Na mwisho wa yote, alama za komenti hizo, yaani kura za juu ukitoa za chini, zilizidi za wenzake kwa wastani wa asilimia 25. Robo nzima, kwa kura ya mashine isiyojua kusoma!

Kuna kijana pale nyuma namwona anataka kuniuliza, "Mzee, na zile zilizopigwa chini je?" Zilipata watetezi. Wasomaji wengine walizipandisha, alama zikarudi mahali pake. Usishangilie, kijana. Uonevu watu wanauona na kuukemea, lakini sifa za bure nani anazikemea? Nani atapoteza muda wake kulalamika kwamba fulani kasifiwa mno? Ndiyo maana mleta mada mjanja hahangaiki kukushusha wewe. Anatafuta marafiki watano wampandishe yeye dakika zile za mwanzo, basi, umati utamalizia kazi. Na mkumbo huo watafiti waliukuta kwenye siasa, biashara, utamaduni na jamii. Kule kule tunakotoana macho!

Kuficha hesabu kunawezekana, msiniambie ni ndoto. Hacker News, jukwaa la watu wa teknolojia, waliacha kuonyesha alama za komenti za watu wengine mwaka 2011, ila kura bado zinapigwa na bado zinapanga nani akae juu. Reddit, mtandao wa majukwaa mengi ya mijadala, mwaka 2013 waliwapa wasimamizi uwezo wa kuficha alama za komenti ikiwa bado changa. Mtu ananiuliza, "Sasa nitajuaje ipi nzuri?" Utasoma, bwana! Hukuja jukwaani kusoma?

Nilitaka pia kugusa bei ya kura ya chini. Kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ukilishusha jibu la mwenzako, na wewe unakatwa alama moja ya sifa yako, na mkono unakuwa mzito kidogo. Halafu nyota tano za kupima video, ambazo YouTube waliziacha mwaka 2010 kwa kuwa karibu kila aliyepiga alitoa tano... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali, na laiki za Facebook msiniulize leo.